Povu Linasema Nusu: Kutakasa Glasi ya Bia Bila Kuharibu Povu

Ukikaa kwenye baa yoyote ya Tabora, kuanzia zile za karibu na stesheni ya reli hadi zile za pembezoni ukielekea Ntalikwa, mhudumu atakuuliza: ya moto au ya baridi? Ukishajibu, analeta chupa, anaifungua mbele ya macho yako ili ujue haijachezewa, kisha anaweka glasi mezani. Kuhusu bia umeulizwa na umeonyeshwa. Kuhusu glasi, kimya. Hakuna anayesema imeoshwa na nini, kwenye maji ya namna gani, wala kabla yako ilikuwa mdomoni mwa nani.

Wengi wetu tumejitafutia ufumbuzi wetu wenyewe. Kuna wanaofuta mdomo wa chupa kwa tishu na kunywa humo humo. Kuna wanaomimina kwenye glasi, wanaona povu linapanda na kufa kabla hata hawajaonja, halafu wanalalamika kwamba bia imekaa sana au "tumepigwa". Mara nyingi bia haina kosa lolote. Kosa liko kwenye glasi.

Hapo ndipo penye ubishi unaosikika kila mahali vinapooshwa vyombo vya vinywaji, iwe baa au kwenye sherehe zetu za chuo. Anayeosha anasema: nikitia sabuni na jiki ya kutosha, povu linakufa na wateja wanalalamika. Mteja anasema: usipotia, tutaharisha. Inaonekana kama lazima tuchague moja, usafi au povu. Makala hii inajaribu kuonyesha kwamba uchaguzi huo haupo. Tatizo ni kwamba tunachanganya kazi mbili tofauti katika beseni moja. Na kama wewe si mnywaji, usifunge ukurasa: glasi hiyohiyo kesho utapewa soda, juisi au maji.

Povu linajengwa na nini

Bia iliyofungwa chupani imebeba gesi ya kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka. Chupa moja ya nusu lita ina gesi ambayo ikiachiwa yote ingejaza chombo cha zaidi ya lita moja. Ukiimimina, gesi inatoka kwa vipovu vidogo vinavyopanda juu. Mpaka hapo bia haina tofauti na soda.

Tofauti ni kinachotokea juu. Povu la soda linachemka kwa kelele na kupotea. Povu la bia nzuri linakaa, linashuka polepole, na linaacha alama za duara ndani ya glasi kila unapopiga funda. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni protini zitokazo kwenye kimea cha shayiri. Protini hizi zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, kwa hiyo zinajipanga kwenye ukuta wa kila kipovu, zinashikana na kuwa kama wavu. Ya pili ni uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia ladha yake. Viambata vichungu vya hopsi vinaufunga wavu ule uwe mgumu zaidi. Ndiyo maana ukilamba povu peke yake utaona ni chungu kuliko bia iliyo chini yake.

Sasa ingiza tone la mafuta. Mafuta yanatambaa haraka juu ya ukuta wa kipovu, yanasukuma protini pembeni na kuacha sehemu nyembamba isiyo na wavu. Kipovu kinapasuka, au kinaungana na jirani yake na kuwa kikubwa, kisha vyote viwili vinapasuka. Hayahitajiki mafuta mengi. Rangi ya mdomo inatosha. Mafuta ya kupaka midomo yanatosha. Ukila chips mayai au mshikaki kisha ukanywa bila kufuta mdomo, povu lako litakufa hata kama glasi ilioshwa vizuri kuliko zote Tanzania. Katika hali hiyo usimlaumu dada wa watu.

Kwa nini sabuni, yenye povu lake, inaua povu la bia

Swali hili linawachanganya hata waliosoma sayansi. Sabuni inatoa povu jingi, sasa inawezaje kuua povu jingine?

Jibu ni kwamba mapovu haya mawili yanasimama kwa njia mbili zisizopatana. Molekuli za sabuni ni ndogo na zinakimbia. Ukuta wa kipovu ukianza kuwa mwembamba mahali, molekuli za sabuni zinakimbilia pale na kuziba pengo. Nguvu yake iko kwenye mwendo. Protini za bia ni kubwa, hazikimbii. Nguvu yake iko kwenye kushikana mikono na kusimama imara. Ukizichanganya, sabuni inajipenyeza katikati ya protini na kuzitenganisha mikono, lakini kiasi chake kilichobaki kwenye glasi ni kidogo mno kuweza kusimamisha povu la kwake. Protini haziwezi tena kushikana, sabuni haitoshi kukimbia. Kila upande umemharibia mwenzake.

Kwa hiyo sabuni si adui wa povu. Adui ni sabuni iliyobaki. Ikifanya kazi yake kisha ikasuuzwa yote, imekusaidia, kwa sababu imeondoka na mafuta. Ikikauka ndani ya glasi, umebadilisha uchafu mmoja kwa mwingine.

Aina ya sabuni nayo ina maana. Sabuni ya kipande imetengenezwa kwa mafuta, na ikikutana na maji yenye chumvichumvi inaacha utando mweupe unaong'ang'ania kwenye kioo. Sabuni za maji zenye vilainisha mikono na manukato mazito nazo zinaacha utando. Kinachofaa ni sabuni ya maji ya kawaida, kiasi kidogo, au magadi. Ndiyo, magadi yaleyale tunayotia kwenye maharage. Yakiyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu na kuchujwa, yanakata mafuta na kusuuzika kirahisi. Bibi zetu waliosugua masufuria kwa majivu walikuwa wanatumia kanuni hiyohiyo, maana majivu nayo yana asili ya magadi.

Vipi kuhusu wanzuki na pombe ya mtama?

Hatuwezi kuzungumzia vinywaji Tabora tukaishia kwenye chupa. Mji huu ulikuwa njiapanda ya misafara kabla ya reli kufika mwaka 1912. Richard Burton na John Speke walipofika hapa mwezi Novemba 1857, enzi mji ukijulikana kama Kazeh, tayari walikuta pombe ya mtama ni sehemu ya maisha, na Burton aliieleza utengenezaji wake katika kitabu alichochapisha mwaka 1860. Na wanzuki, kinywaji cha asali, kina maana ya pekee katika mkoa unaojulikana nchi nzima kwa asali ya miombo.

Ukimimina wanzuki utaona inachemka na kutoa povu, lakini povu halikai. Hapo usitafute mchawi kwenye kopo. Asali ina protini kidogo sana na wanzuki haina hopsi, kwa hiyo wavu wa kushikilia vipovu haupo. Pombe ya mtama ina nafaka, na povu lake linaweza kuonekana zito kwa sababu chachu bado inafanya kazi, ila nalo halina hopsi ya kulikaza. Maana yake ni kwamba katika vinywaji hivi povu haliwezi kukuambia chochote kuhusu usafi wa chombo. Inabidi usafi uangaliwe kwa njia nyingine.

Kuna jambo jingine hapa. Mpishi wa pombe ya kienyeji mara nyingi hataki chungu au kibuyu chake kitakaswe kabisa, na ana sababu: chachu iliyobaki kwenye kuta ndiyo inayoanzisha pombe inayofuata. Hilo ni la chombo cha kuchachushia. Haliruhusu kopo la kunywea lizunguke watu wanne bila kuoshwa. Chombo cha kupikia na chombo cha kuweka mdomo ni vitu viwili.

Bia imetoka salama, glasi je?

Bia ni kinywaji kilichochemshwa wakati wa kutengenezwa, na ile ya chupa kwa kawaida hupashwa joto tena kuua vijidudu. Kuna kisa maarufu cha London mwaka 1854. Kipindupindu kilipowaua mamia ya watu kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street, daktari John Snow aligundua kwamba katika kiwanda cha bia kilichokuwa jirani kabisa na pampu hiyo, chenye wafanyakazi zaidi ya 70, hakuna aliyekufa kwa ugonjwa huo. Walikuwa wakipewa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Maji ya pampu hawakuwa na haja nayo.

Wengine husikia kisa hiki wakadhani kileo ndicho kilichowalinda. Hapana. Waliokolewa kwa kutokunywa maji machafu. Kileo kilichomo kwenye bia ya kawaida ni kama asilimia 5. Vile vitakasa mikono tulivyopaka wakati wa korona vilitakiwa kuwa na asilimia 60 au zaidi. Kwa hiyo wazo kwamba "pombe yenyewe itaua vijidudu" kwenye glasi ni la kujifariji.

Sasa fikiria safari ya bia yako. Imetoka kiwandani salama. Hata chupa zinazorudishwa huoshwa kiwandani kwa maji ya moto yenye magadi makali, zikasuuzwa vizuri, ndipo zijazwe. Imesafiri mamia ya kilomita bila kuguswa ndani. Halafu, sentimita chache kabla ya kufika mdomoni, inamiminwa kwenye glasi iliyochovywa kwenye beseni la maji ya asubuhi. Kazi yote ya kiwanda inaharibikia pale.

Hatari yenyewe tuitaje kwa jina lake ili tusitishane bure. Virusi vya UKIMWI havisambai kwa kuchangia glasi. Tunachokiogopa ni magonjwa ya njia ya mikono na maji machafu: kuhara, homa ya matumbo, na katika vipindi vya mlipuko, kipindupindu. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi, na kufikia mwaka uliofuata watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua nchini. Na ugonjwa huu unaijua njia ya kwetu toka zamani. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, alichapisha kitabu mwaka 1876 akifuatilia jinsi milipuko ya kipindupindu ya Afrika Mashariki ilivyosafiri pamoja na misafara ya biashara. Panapokutana wasafiri wengi wanaotumia vyombo na maji ya pamoja, ugonjwa unapata lifti. Chuo ni msafara wa aina yake: tunatoka mikoa yote, tunakutana hapa, na bumu likitoka tunakaa meza moja.

Kazi mbili, mabeseni matatu

Kuosha ni kuondoa uchafu na mafuta. Kutakasa ni kuua vijidudu vilivyobaki. Ukizifanya kwa pamoja kwenye beseni moja, zote mbili zinaharibika. Klorini iliyomo kwenye jiki haichagui cha kushambulia: ikikutana na mabaki ya chakula, mate na uchafu, inajimalizia huko kabla haijafika kwa vijidudu. Ndiyo maana maji yenye sabuni, jiki na masalia ya mishikaki kwa pamoja hayatakasi kitu, ila yanatoa harufu ya hospitali inayotudanganya kwamba pako safi.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu, na unahitaji mabeseni au ndoo tatu tu.

Kabla ya yote, mwaga masalia na suuza glasi kwa maji kidogo. Usiyamwage masalia ya bia kwenye beseni la sabuni.

Beseni la kwanza lina maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo au magadi. Tumia brashi au dodoki ambalo ni la glasi pekee. Dodoki lililosugua sahani za nyama choma limejaa mafuta, na ukilitumia kwenye glasi unapaka mafuta badala ya kuyatoa. Sugua ndani, sugua chini, na zaidi ya yote sugua ukingo unaogusana na mdomo.

Beseni la pili lina maji safi ya kusuuzia. Hili ndilo linalookoa povu, na ndilo linalofanyiwa ubahili kuliko yote. Maji yakianza kuteleza mkononi au kutoa povu, yameshakuwa maji ya sabuni, yamwagwe. Penye bomba, suuza kwa maji yanayotiririka. Pasipo na bomba, ndoo yenye koki inafanya kazi nzuri kuliko beseni, maana kila glasi inapata maji mapya na yanayotumika ni machache.

Beseni la tatu ni la dawa. Glasi inazama yote kwa dakika moja hadi mbili, kisha inatolewa na kukaushwa.

Hesabu ya jiki

Kumwaga dawa kwa kukisia kuna hasara pande zote. Ikipungua haiui. Ikizidi inamchubua mikono anayeosha na inaacha ladha ya dawa kwenye kinywaji, maana klorini ikikutana na viambata vya bia inazaa ladha kama ya plasta ya kidonda.

Kiwango kinachotumika kwa vyombo vya chakula ni miligramu 50 hadi 100 za klorini kwa lita moja ya maji. Hesabu yake ni ya kidato cha pili. Soma lebo ya chupa. Dawa nyingi za kung'arishia nguo nyeupe zina klorini kama asilimia 3.5, yaani miligramu 35 katika kila mililita moja. Ndoo ya lita 20 ikitaka miligramu 100 kwa lita, jumla ni miligramu 2,000. Gawanya kwa 35, unapata mililita 57 hivi. Kijiko cha chakula ni mililita 15, kwa hiyo vijiko 4 kwa ndoo nzima, vijiko 2 kwa nusu ndoo. Kama lebo inasema asilimia 5, vijiko viwili na nusu kwa ndoo nzima vinatosha. Unaona jinsi ilivyo kidogo? Wengi tunamwaga nusu chupa.

Mambo manne ya kushika. Tumia dawa isiyo na manukato. Tumia maji ya baridi, kwa sababu joto linafukuza klorini. Badilisha maji ya dawa yakichafuka au shughuli ikiwa ndefu, kwani nguvu inapungua kadiri unavyotumia. Na kamwe usichanganye jiki na siki, ndimu au dawa ya kusafishia choo: inatoka gesi ya sumu, na jikoni pasipo na hewa inaweza kumlaza mtu.

Kuna pia vitakasa vya viwandani vya jamii nyingine, ambavyo molekuli zake zina mkia wa mafuta kama wa sabuni. Vinaua vijidudu vizuri, lakini vinapenda kung'ang'ania kioo, na mabaki yake yanaua povu. Kwa glasi za bia, klorini iliyopimwa ina usumbufu mdogo kwa sababu ikikauka haiachi utando wa mafuta.

Na kama hakuna dawa kabisa? Maji ya moto. Kiwango kinachokubalika ni nyuzijoto 77 kwa nusu dakika glasi ikiwa imezama. Bila kipimajoto, tumia maji yaliyoepuliwa yakiwa yametoka kuchemka. Glasi iliyotoka kwenye friji usiichovye humo, itapasuka. Ipashe kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Tumia koleo au chekeche la waya badala ya vidole. Njia hii haiachi harufu wala ladha, na kwa povu hakuna inayoizidi. Gharama yake ni mkaa.

Pa kuharibikia ni kwenye kukausha

Unaweza kufuata hatua zote na kuziharibu kwa kitambaa kimoja. Kitambaa cha kufutia glasi kikitumika saa mbili kina mafuta ya mikono, nyuzi na vijidudu vipya. Glasi iliyotakaswa haifutwi. Inapinduliwa kwenye chanja ya waya au ya miti, hewa ipite chini, ijikaushe yenyewe. Ukiipindua juu ya taulo au meza bapa, hewa inanaswa ndani, na glasi inabaki na unyevu na harufu.

Usipachike glasi moja ndani ya nyingine. Usizihifadhi kwenye friji moja na nyama au samaki, zinanyonya harufu na mvuke wa mafuta. Na anayezibeba azishike chini. Kubeba glasi nne kwa kuingiza vidole vinne ndani ni ustadi, tunaupongeza, ila vidole hivyo vimetoka kushika noti.

Vipimo vitatu bila maabara

Cha kwanza, maji. Chovya glasi kwenye maji safi, itoe, igeuze. Maji yakishuka kama pazia moja laini, glasi haina mafuta. Yakikatika na kujikusanya matone matone, mafuta yapo.

Cha pili, chumvi. Lowesha glasi kwa ndani na unyunyizie chumvi. Itashika kila mahali isipokuwa penye mafuta. Ni kipimo kizuri cha kumfundishia mtu mpya, kwa sababu anaona kwa macho sehemu aliyoiruka. Glasi ioshwe tena kabla ya kutumika.

Cha tatu, bia yenyewe. Kwenye glasi safi, povu linaacha duara kila unapopiga funda, na vipovu havigandi kwenye kuta chini ya bia. Ukiona vipovu vimeng'ang'ania sehemu moja ukutani kama kundi la nzi, pale pana uchafu.

Povu linasema nusu

Hapa naomba tuelewane vizuri. Povu likifa, kuna jambo: mafuta au sabuni, yako au ya baa. Ni haki yako kuomba glasi nyingine, kwa upole. Lakini povu likisimama vizuri, limekuambia tu kwamba glasi haina mafuta wala sabuni. Halijakuambia kwamba haina vijidudu. Glasi iliyosuuzwa vizuri kwa maji ya kisima kilicho jirani na choo itatoa povu la kupiga picha. Povu linashuhudia kazi ya beseni la kwanza na la pili. Kwa beseni la tatu hakuna shahidi mezani. Inabidi mtu aone jinsi vyombo vinavyooshwa, au amwamini anayeosha.

Na anayeosha ni nani? Mara nyingi ni dada mwenye umri wetu, au mdogo kuliko sisi, anayelipwa kidogo, aliyepewa beseni moja, dodoki moja na ndoo mbili za maji kwa usiku mzima. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora mjini, lakini si kila sehemu inayouza vinywaji ina bomba nyuma ya kaunta. Kumdai povu zuri na glasi salama bila kumpa vifaa ni kumdai afanye muujiza. Baadhi ya wanaofanya kazi hiyo jioni ni wanachuo wenzetu wanaojitafutia nauli na ada.

Kwa hiyo pendekezo kwa serikali ya wanafunzi na kamati za sherehe, hasa tunapoelekea mahafali na kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Tunapokodi glasi, tukodi au tununue pia ndoo tatu, moja iwe na koki, brashi mbili za glasi pekee, chanja ya kukaushia, glavu za mpira, na kijiko cha kupimia. Vyote hivi vinatumika mwaka hadi mwaka. Watu wawili wakabidhiwe kazi ya vyombo tu, walipwe, na wasipokee fedha wala kugawa chakula kwa wakati huohuo. Hesabu ya jiki iandikwe kwa maka peni ubavuni mwa ndoo ya tatu: "Lita 20, vijiko 4, badilisha ikichafuka." Na kabla wageni hawajafika, mwanakamati mmoja achukue glasi tano kutoka sehemu tofauti za chanja azipime kwa maji. Pazia likikatika kwenye hata moja, zote zirudi beseni la kwanza.